Ampli ya Kilio cha Clotilde

Mambo yaliharibika siku ya tano, Ijumaa, tarehe kumi na mbili mwezi wa saba, mchana wa baridi na vumbi, jeep ya chef, mmoja wa wakubwa wa mji, iliposimama mbele ya nyumba ya Déogratias, fundi wa ampli, kule Shituru, mtaa wa Likasi. Matata, dereva, alishuka na hakusalimia. Huyu ni mtu anayesalimia hata mbuzi wa watu. Déogratias alikuwa amechuchumaa barazani akibandika ukingo mpya kwenye spika kubwa ya basse, ile ya sauti nene, ukingo aliokata katika mpira wa ndani wa gurudumu la lori, kwa sababu ule wa zamani ulioza na kumeguka kama mkate uliolowa. Aliinua kichwa. Pua yake ilijua kabla ya macho: harufu ya vanishi iliyoungua.

"Tata Déo," Matata alisema chini chini, "ile kintu imekufa tena."

"Ile nilitengeneza juma ilipita?"

"Ile ile. Na chef eko ndani ya motokari. Tafazali, usiseme mingi."

Kioo cha nyuma kilishuka, si sana, kadiri ya kupitisha sauti. Uso haukutoka. Ndivyo wakubwa wa mji huu wanavyoongea na sisi siku hizi, kama padri ndani ya kiti cha maungamo, ila dhambi ni zao.

"Fundi! Ulikula makuta, pesa yangu, ampli umeua."

"Chef, ilitoka hapa ikiwa nzima. Matata mwenyewe aliisikia, binti yangu alinielezea."

"Matata haiko ingénieur. Ile ampli niliinunua nikingali kijana, unasikia? Ya Bajapani. Miaka makumi tatu haijanifanya haya. Hizi za leo ni makopo ya sardine. Siku ya Mungu, siku ya misa, niko na mkutano, nitasema na bantu kwa mudomo mutupu?"

Matata alikuwa amefungua nyuma ya jeep ili atoe ampli, kile chombo cha kukuza sauti. Déogratias akatupa jicho ndani. Juma lililopita mlikuwa na basse mbili. Sasa zilikuwa tatu, ile ya tatu mpya, imepakwa rangi nyekundu, waya zake zimefungwa pamoja na za wenzake. Akafumbua mdomo. Matata akamtazama kama mtu anayeomba maji, akatikisa kichwa kidogo. Kumbe ilikuwa amri ya chef mwenyewe.

"Na ile iko juu ya meza?" sauti ya kioo iliuliza. "Ile ampli ya mapezi ya buluu. Inapiga?"

"Inapiga, chef, lakini ile ni ya kilio."

"Kilio ya nani?"

"Ya bibi yangu, mama ya batoto. Kesho tunatosha kilio, tunamaliza matanga."

"Alikufa leo?"

"Alikufa mwaka ulipita, chef." Déogratias alikuwa amefunga viganja chini ya kidevu.

"Sasa kama alikufa mwaka ulipita, atashindwa kungoja siku mbili? Polisi, beba ile. Itakuwa garantie, rehani yangu. Weye utengeneze yangu, nitakurudishia yako."

Polisi aliyekaa mbele alicheka, akashuka, akakata waya kwa kisu badala ya kufungua skrubu. Jeep ikaondoka. Ampli ya chef ilibaki barazani ikinuka, nzito kama jiwe la kusagia.

Orpha, binti yake mkubwa, alitoka jikoni na unga mikononi. Alikuwa amesikia yote.

"Papa," alisema, "sasa nkambo tutamwambia nini?"

*

Nkambo, yaani nyanya yao, ni Martine, mama wa marehemu Clotilde. Clotilde alifia maternité, hospitali ya wazazi, usiku ambao courant ilikatika na hakuna aliyekuwa na funguo za chumba cha jenereta; mwenye funguo alikuwa harusini. Hata kwenye kilio umeme haukurudi. Basi mke wa fundi wa ngoma za spika, mtu anayetengenezea nusu ya Likasi, alishushwa kaburini bila wimbo hata mmoja wa spika. Martine alisimama mbele ya watu akasema: "Mutoto yangu anaingia mu udongo kimya, sawa kuku." Kisha akamchukua Jessy, yule mdogo, akaenda naye kwao Kapolowe.

Hakumwiba. Alisema wazi, mbele ya familia mbili: siku ya kutosha kilio ngoma ipige, ianze kabla nguo nyeusi haijatoka kwa mjane, Déogratias mwenyewe, na isinyamaze mpaka watu wamekula. Ngoma ikifika kwenye chakula, Jessy na mfuko wake wataingia nyumbani kwa baba yake. Isipofika, mfuko utarudi Kapolowe. Watu wengine wanadai mbuzi, wengine mablanketi. Martine alidai sauti.

Ndiyo maana Déogratias alikuwa ameitengeneza ile ampli ya mapezi ya buluu, aliyoitoa ndani ya taksi iliyoanguka kwenye barabara ya Lubumbashi, transista moja leo, nyingine mwezi ujao. Ampli ya gari haitaki courant ya serikali. Inataka batri tu. Alikuwa amekwisha kuchoka kuomba courant kwa watu wanaokaa juu ya shaba yote ya dunia na kutuuzia mishumaa.

Alifungua ile ya chef. Ndani mlikuwa mweusi kama sufuria. Transista za upande mmoja zilikuwa zimepasuka matumbo. Hilo alilitegemea. Ampli za zamani zilitengenezwa kuvuta basse mbili, basi. Ukifunga ya tatu pamoja nazo umeongeza gunia juu ya kinga, baiskeli ya kubeba makala, yaani makaa: dereva haoni kitu, anakanyaga tu, na baiskeli ndiyo inayovunjika. Asichokitegemea kilikuwa pembeni, pale penye fusible, kile kiwaya chembamba kinachotakiwa kukatika chenyewe ili chombo kisiungue. Hapakuwa na fusible. Palikuwa na waya wa shaba, umesokotwa mara tatu, ncha imekunjwa kama mkia wa nguruwe.

"Orpha!"

Alikuja. Akaona kilichoko kwenye koleo la baba yake, akaangalia chini.

"Ni nani alitia hii?"

"Ni minye."

"Weye?"

"Ulikuwa umeenda Kapolowe kuona Jessy. Matata alikuya kuichukua, alijaribu kuiwasha, fusible ikakatika. Eko napiga kelele, chef eko nangoja, chef eko nangoja. Tulikuwa hatuna ingine. Nikatia shaba." Kisha, kwa hasira ya mtu mwenye haki nusu: "Na weye mwenyewe unatiaka, papa. Bote banatiaka."

Alisema kweli. Nani katika Likasi amewahi kununua fusible? Malori yanapita na shaba mchana kutwa, yamefunikwa turubai kama maiti, hayasimami. Kinachobaki kwetu ni nyuzi za mota zilizokufa, na kwa nyuzi hizo tunafunga sahani za mizani, milango ya kuku, soli za viatu, na kila kitu kilichotakiwa kukatika kwa wakati wake.

Déogratias aliketi juu ya ndoo. Sasa mambo yalimbana pande zote. Akisema ni basse ya tatu, chef atamleta fundi mwingine kutazama, na fundi mwingine ataona shaba. Akisema ni shaba, watamchukua Orpha. Akinyamaza, ampli yake ya buluu sasa hivi iko ndani ya jeep, imefungwa kwenye zile basse tatu.

"Papa, unapiga hesabu gani?"

"Hakuna hesabu. Lete babula, utie makala."

*

Chuma cha kulehemu walikipasha moto kwenye babula, jiko la makaa, kama watu wanavyopasha pasi. Lakini chuma bila transista ni kijiti. Kabla jua halijashuka Déogratias alikuwa kwa Mayimuna, karibu na soko, mjane aliyetoka Maniema anayeuza matumbo ya redio, ya runinga na ya motokari juu ya turubai moja.

"Salaam aleikum, mama Mayimuna."

"Aleikum salaam, muzee wa makelele. Nilisikia chef amekupokonya."

"Umesikia mbio."

"Polisi wake alikuya hapa kununua waya. Eko nacheka, eko naonyesha vile ulifunga mikono." Mayimuna aliiga, viganja pamoja chini ya kidevu, na wauza vipuri wawili waliokaa karibu wakacheka. Alipoona uso wa mgeni wake akaacha. "Unatafuta nini?"

"Transista sawa hii. Nane."

Alichambua kikapu. Zilikuwa nne tu za namna ile, zimetoka kwenye ampli iliyozama mafuriko.

"Ine."

"Ine zitapigisha nusu."

"Basi pigisha nusu. Bibi yako atasikia nusu, ingine Mungu atajaza. Usitoshe makuta, utalipa kisha. Na batri ya lori, Moussa, kijana wangu, atakuletea asubuhi. Lakini ngoja." Akamshika mkono wa shati. "Utapigisha kilio na ampli ya chef? Na anajua?"

"Fundi anapimaka kazi yake mbele ya kuirudisha."

"Haya. Unaita ile kupima."

Na kweli ndivyo mafundi wote wa mji wanavyoita. Ampli iliyopona hairudi kwa mwenyewe moja kwa moja. Inalala siku moja kwenye harusi ya fulani au ubatizo wa fulani, ili fundi ajue kama moyo umekaa. Wateja wanajua, wanajifanya hawajui. Lakini hao ni wateja wanaotengeneza redio zao kwa jasho. Hakuna aliyewahi kupima chombo cha mtu mwenye polisi.

*

Siku ya posho, Jumamosi, asubuhi alifunga kwenye ampli mzigo mmoja tu, ile basse yake ya ukingo wa mpira, na spika moja ndogo ya sauti ya juu. Aliibonyeza basse polepole kwa vidole vya mikono miwili, sikio karibu, kusikiliza kama ndani kuna kitu kinakwaruza. Hakikukwaruza kitu. Akatia fusible ya kweli, aliyoitoa katika redio ya kitandani kwake. Orpha alimtazama akifanya hivyo.

Taa nyekundu iliwaka. Kisha ikazima, ikawaka ya kijani, na wimbo wa kwaya ya parokia ukatoka, mwepesi upande mmoja, lakini chini yake mlikuwa na kishindo kinene kilichotetemesha vikombe vya munkoyo, kinywaji cha mahindi, juu ya meza.

"Nusu yake ndio hii?" Orpha aliuliza, na kwa mara ya kwanza tangu jana alicheka.

Watu wa Kapolowe walifika juu ya lori la makala, weusi miguu, nguo za ibada zimefungwa ndani ya mifuko. Martine alishuka wa kwanza. Germain, mwanawe, alimfuata akipangusa koti, na nyuma yake Jessy, ameshika mfuko wake wa kitambaa cha maua kwa mikono miwili. Mtoto alitaka kumkimbilia baba yake; Germain akamgusa begani, akasimama.

"Bulamu," Germain alimwambia shemeji yake Déogratias, "leo masikio yetu itakula? Ao tutakula bukari tu, ugali mutupu?"

"Si unasikia?"

"Nasikia. Hata minye redio yangu inaanzaka vizuri."

Martine alienda akasimama mbele ya basse, akaweka kiganja juu ya sanduku lake la mbao, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Alikaa hivyo wimbo mzima. Kisha akaketi kwenye mkeka, akasema: "Baanze."

Waimbaji walijibu spika. Mayimuna alifika na kitenge kizuri, hakujua wimbo hata mmoja wa Wakatoliki, akapiga makofi tu. Jikoni sombe, majani ya muhogo, ilikuwa tayari, nyama ya mbuzi bado ngumu kidogo. Orpha alikuwa akitoka na kuingia, kila mara akigusa mgongo wa ampli kwa nyuma ya mkono: vuguvugu, si moto. Déogratias aliketishwa kwenye kiti katikati ya uwanja, na Martine akasimama nyuma yake kumtoa ile nguo nyeusi aliyoivaa mwaka mzima mabegani.

Alikuwa ameshika ncha zake mbili pale jeep ilipopiga honi.

*

Matata aliingia uwanjani ameshika kofia mkononi. Polisi alimtangulia.

"Tata Déo, nisamehe. Mama, nisameheni. Chef amebadilisha, mkutano ni leo. Bantu banajaa kule mzunguko, pa rond-point. Eko natafuta ampli yake."

"Alisema siku ya Mungu," Déogratias alijibu bila kugeuka, maana nguo bado ilikuwa mabegani. "Na yangu iko wapi?"

Matata aliangalia kofia yake.

"Sema mbele ya bantu, Matata. Ampli yangu iko wapi?"

"Imekufa."

"Imekufa na nini?"

"Fusible ilikatika. Nikatia ingine, ikakatika. Jana mangaribi chef alikuwa amesimama juu ya jeep, eko nasema mambo ya barabara, eko nanipigia makelele, Matata, sauti! Sasa nikatia shaba." Akageuza kofia mkononi. "Ikatosha moshi. Batoto bakacheka."

Orpha alikuwa mlangoni na sahani. Aliziweka chini taratibu, akabaki na moja.

Déogratias sasa aligeuka. Angeweza kunyamaza, mwaka mzima hakufanya lingine. "Ni basse ya tatu," alisema. "Nilitaka kusema jana, nikaogopa. Ampli ya kwanza ilikuwa na shaba yetu, ile ni kosa ya nyumba yangu, ninaikubali hapa mbele ya bukwe, bakwe yangu. Lakini hata shaba isingekuwa, ile basse ingeziua zote mbili. Ni nani alisema mutie ya tatu?"

Matata alitazama jeep barabarani, kioo cha nyuma kimefungwa.

"Ampli mbili, chef moja," Germain alisema, na hata Martine alikaribia kutabasamu.

"Mupeleke maneno kule," polisi alisema. "Minye natumikia. Tosha hiyo kintu."

"Ngoja bantu bakule," Déogratias alisema. "Sahani ziko pale mlangoni, unaziona? Bakule, wimbo moja tu, minye mwenyewe nitaileta na kichwa yangu mpaka rond-point."

"Afande," Mayimuna alidakia, "hata weye utapata nyama. Kaa."

Kwa muda mfupi ilionekana kama angekaa. Aliangalia sufuria. Kisha honi ililia tena, ndefu, ya mtu asiyeshuka, na polisi akainama kwenye batri ya Moussa, akashika koleo jekundu la waya, akalivuta. Cheche moja iliruka. Basse ilipiga kishindo cha mwisho, kama mtu anayejikwaa, ikanyamaza.

Waimbaji walibaki na vinywa wazi katikati ya neno. Makofi ya Mayimuna yaliendelea peke yake kidogo, pa, pa, pa, halafu nayo yakaisha. Matata alibeba ampli kifuani, nusu yake nzima na nusu yake maiti, akaenda nayo kuifunga kwenye basse tatu. Alikuwa anajua kitakachotokea.

"Chakula haijatoka," Germain alisema polepole, si kwa ubaya sasa. "Mama, ulisema mpaka chakula."

"Nkambo, haikufa!" Orpha alikuja mbio, sahani moja bado mkononi. "Uliigusa mwenyewe, ilikuwa nzima. Baliitosha. Si sawa na kilio ya mwaka ulipita. Baliitosha!"

"Ile ya mwaka ulipita pia ni bao, bale bakubwa, balitosha," Déogratias alisema. "Courant ni bao. Funguo ni bao. Minye niliua nini, mama?"

Martine alikuwa bado nyuma ya kiti. Nguo nyeusi ilikuwa imetoka bega moja la mkwewe na kubaki kwenye lingine, na yeye ameshika ncha zote mbili, haivui, hairudishi. Aliangalia mahali pale chini ya batri ambapo waya ulikuwa umelala. Mama mmoja wa kwaya alianza tena wimbo kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, peke yake. Akamtazama Martine kujua kama aendelee, hakupata ishara, akashusha sauti bila kuacha.

Barabarani jeep iliwaka. Lori la makala nalo lilikuwa limegeuza kichwa upande wa Kapolowe, dereva wake anapangusa kioo.

Jessy alitoka pembeni mwa Germain. Safari hii hakuna aliyemgusa bega. Alipita katikati ya wakubwa mpaka kati ya kiti cha baba yake na miguu ya nkambo wake, ameinua ule mfuko wa maua kwa mikono miwili, mkanda mmoja ukiwa umeshonwa kwa waya wa shaba.

"Nkambo," aliuliza, "sac niiweke wapi?"